Kukiri kwa Sefu na Fomu Niliyoitunga Ibra

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya uchunguzi ya Sur, mji wa pwani katika nchi ya Maskati, nilivaa suti ya kijivu na tai, na mkononi nilishika diploma yangu ndani ya bahasha ngumu ili isikunjike. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nchi ilikuwa imefungua mlango, na sisi tuliokuwa Afrika tulikuwa tukirudi nchi ya babu zetu mafungu kwa mafungu. Wengi walirudi na masanduku ya nguo. Mimi nilirudi na diploma ya ukarani wa mahakama, na niliipata kwa jasho langu, mtoto wa muuza chumvi wa Tabora aliyekuwa akifunga duka alasiri na kukimbilia darasa la taipu. Hakuna ami wala mjomba aliyenilipia hata kalamu. Nataka vijana mlijue hilo tangu mwanzo, maana nyinyi mmezikuta ofisi zina viyoyozi mkadhani zimeota zenyewe.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Naqib, yaani kapteni, mwenyeji wa Sur, mtu mfupi mwenye sauti nene. Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu wazee wake walikuwa wafanyabiashara wa Lamu na Unguja. Alinitazama kuanzia tai mpaka viatu.

"Hiyo uliyoshika nini?"

"Diploma, bwana."

"Inasema lugha gani?"

"Kiingereza, bwana."

"Hapa watu wanasema Kiarabu, Kibaluchi na Kiswahili. Basi hiyo bubu. Iweke pale, chukua kalamu."

Raqib, yaani sajini wetu, alicheka mpaka kahawa ikamwagika mapajani. Tangu siku ile akaniita Bu Shahada, baba wa cheti, na jina hilo lilinifuata miji yote niliyopangiwa. Sikukasirika. Anayechekwa kwa elimu yake ana kitu ambacho wenzake hawana.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mahdhar. Mahdhar ni maelezo ya mtuhumiwa, swali kwa jibu, yanayopelekwa kwa hakimu. Ukimaliza kuandika unamsomea mwenyewe kwa lugha anayoifahamu, kisha anatia saini au dole gumba. Ile kusomea ndiyo roho ya kazi. Naqib wa Sur alikuwa mkali juu yake kuliko jambo lolote.

Nakumbuka mkaushaji papa mmoja kutoka Ashkhara, aliyeletwa kwa kumpasua jirani yake kichwa. Nilimuuliza kama alimpiga. Akaanza kunieleza habari za mbuzi. Kurasa tatu, mbuzi tu: rangi yake, mama yake, kamba yake. Nilifuta yote nikaandika mstari mmoja, kwamba amekubali kupiga. Naqib aliposoma alinirudishia karatasi.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nimemtoa, bwana. Hahusiki."

"Nani kakwambia hahusiki? Mrudishe."

Nikamrudisha mbuzi. Ikaja kuonekana kwamba yule mbuzi alikuwa amekula papa wa jirani, jirani akamkata mguu, na huyo jirani ndiye aliyeanza kushika jiwe. Kesi ikageuka. Naqib akaniita, akanisogezea tende.

"Sikiliza, Bu Shahada. Usimchagulie mtu maneno. Ukishamchagulia, kosa linakuwa lako, na kifungo kinakuwa chake."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu. Kuyaandika nilikuwa hodari. Kuyashika ni jambo jingine.

Baada ya miaka minne nilipandishwa cheo, nikapelekwa Ibra kuwa karani mkuu wa maelezo. Katika mkoa mzima wa Sharqiyah wakati ule hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kupiga taipu Kiarabu na Kiingereza na kutafsiri Kiswahili palepale, na atakayebisha na ajitokeze. Kiarabu cha kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya zamani na kamusi moja iliyokatika jalada.

Mkubwa wa Ibra alikuwa Mulazim, yaani luteni, kijana aliyesomea kazi nje. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga mtu, na hakuruhusu mtu apigwe mbele yake. Lakini alikuwa na haraka. Kila wiki makao makuu yaliuliza ni mafaili mangapi yamefungwa, na faili linalofungwa upesi kuliko yote ni la mtu aliyekiri.

Hapo ndipo nilipotunga fomu yangu. Niliikata kwenye stensili, nikaichapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, nakala mia kwa asubuhi moja. Iliandikwa kwa Kiarabu safi, na nafasi wazi za jina, kosa na mahali. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: *Mimi fulani bin fulani nakiri kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila ya kutishwa na bila ya kuahidiwa chochote, kwamba nilitenda kosa lililotajwa hapo chini.* Mahdhar iliyokuwa ikichukua siku nzima ikawa kazi ya robo saa. Mulazim alinipa mkono mbele ya askari wote. Sur wakaiomba, Nizwa wakaiomba. Mtoto wa muuza chumvi, fomu yake inatumika mikoa miwili!

Aliyeipinga alikuwa mmoja tu, kadhi mzee wa Ibra. Yeye alikuwa na desturi yake. Mtu akija mbele yake akisema nimefanya, kadhi hakuandika kitu. Alimtoa nje, akamwambia akanywe maji kwenye falaj, ule mfereji uliopita nyuma ya baraza lake, akae mpaka moyo utulie, kisha arudi aseme tena. Alifanya hivyo hata mara tatu. Nilipompelekea fomu aliitazama pande zote mbili, kama mtu anayenunua kitambaa.

"Na maji atakunywa mstari wa ngapi?" aliniuliza.

Nilitoka nikicheka. Nikamsimulia Mulazim, naye akacheka. Tulimwona mzee wa zama zilizopita. Muda si mrefu kesi za wizi zikahamishiwa kwa hakimu mpya aliyependa mafaili masafi, na mambo ya kunywa maji yakaisha.

Sasa nifike kwa Sefu.

Sefu bin Rashidi alikuwa fundi pampu, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, aliyerudi kutoka Kigoma na kufikia kwa baba yake mdogo pale Ibra. Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na sala tu, na kukisoma hakuweza kabisa. Alinipenda kwa sababu nilikuwa mtu wa bara kama yeye. Kila akipita ofisini: "Shikamoo, ami." Namwitikia marahaba, namuuliza habari za mama. Mama yake alibaki Kigoma, macho yamekufa, na Sefu alikuwa akingojea pasi ya kusafiria ili akamchukue.

Kupata pasi haikuwa jambo dogo kwetu tuliorudi. Ilitakiwa kwanza barua ya sheikh wa kabila, kuthibitisha kwamba babu yako alitoka kijiji fulani na kwamba wewe ni damu yake kweli. Bila ya barua ile ulikuwa mgeni kwenye nchi ya babu yako. Sheikh wa kina Sefu alikuwa ameshaandika, maombi yako njiani. Hofu yetu sote ilikuwa moja: usifanye la kumuaibisha sheikh akaivuta barua yake. Mimi niliijua hofu hiyo kwa ndani. Nililala nayo miezi kumi na moja kabla ya pasi yangu kutoka.

Basi pampu moja mpya ya dizeli ikapotea kwenye ghala la ofisi ya mashamba. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili, moja kwa msimamizi wa ghala, moja kwa Sefu, aliyekuwa fundi wao. Msimamizi alikuwa mtu mzima mwenye jamaa wakubwa. Akaletwa Sefu.

Alikaa siku mbili akikana. Siku ya tatu Mulazim akaniambia kwa Kiarabu, Sefu amekaa katikati yetu asifahamu kitu: "Mwambie akikiri itakuwa nyepesi kwake." Akatoka kwenda kujibu simu.

Hayo tu. Kama ningetafsiri hayo tu, leo ningesema nilitumwa. Lakini mimi nilijiona najua zaidi ya Mulazim namna ya kusema na mtu wetu. Nilivuta kiti.

"Sefu mwanangu, pampu iko wapi?"

"Wallahi ami, sijui. Niliifungia mwenyewe Jumatano, nimekuja Jumamosi haipo. Muulizeni na mwenye ufunguo wa pili."

"Usimtaje yule. Ukimtaja yule, jambo litafika kwa sheikh. Na sheikh akisikia jina lake linavutwa ofisini, barua yako ataiacha?"

Nikaona hofu imemwingia mahali pale pale nilipokuwa nikiijua.

"Kwa hiyo nifanye nini, ami?"

"Kiri. Jambo dogo hili, kosa la kwanza. Watakukaripia, utarudi nyumbani. Yataishia hapahapa, na pasi yako haitaguswa. Nakuahidi mimi."

"Lakini mimi sikuiba."

"Nani kasema uliiba? Nakwambia njia ya kutokea."

Aliangalia mikono yake yenye mafuta ya mashine. Akauliza jambo moja tu: "Wewe ami unajua sheria, si ndiyo?"

"Nina diploma," nikamjibu.

Akatia dole gumba. Sikumsomea fomu. Nilikuwa nimeitunga mimi, naijua kwa moyo, nikaona kuisoma ni kupoteza wakati. Mulazim alirudi akakuta wino umeshakauka.

Hakimu mpya alimuuliza kwa kinywa changu kama dole ni lake. Akasema ni lake. Miaka miwili. Mwezi wa pili wa kifungo, ofisi ya pasi ikarudisha maombi yake, kwa sababu aliyepatikana na kosa la wizi maombi yake husimamishwa. Sheikh wala hakuwa ameivuta barua yake. Kilichoisimamisha pasi ni kule kukiri.

Nilijiambia nilikosea hesabu ya sheria kidogo, kama mtu yeyote anavyokosea. Sikumwambia mtu.

Mwaka huohuo nilihamishiwa Nizwa, karani mkuu wa ofisi nzima ya mkoa, nikapewa meza ya mbao nzito na mpiga taipu wa chini yangu. Huko nilimkuta mshauri wa sheria, Msudani, mtu mrefu mpole aliyenywa chai nyeusi bila sukari. Yeye hakuipenda fomu yangu. Mudir, yaani mkurugenzi wetu, aliipenda sana. Na hawakuwa wao tu. Miaka ile mjadala huo ulikuwa kila mahali, mabarazani, hata sokoni kati ya wauza tende. Wako waliosema nchi changa inahitaji nidhamu, na aliyekiri keshamaliza kazi, kwa nini serikali ihangaike? Wako waliosema kukiri bila ushahidi mwingine ni nyumba iliyojengwa juu ya mtu mmoja, na mtu mmoja huogopa.

Mwezi wa saba wa kifungo cha Sefu, pampu ikaonekana. Ilikuwa Samail, inavuta maji kwenye shamba la shemeji yake yule msimamizi wa ghala. Mwenye shamba alisema aliinunua kwa mtu asiyemjua. Mudir akasema basi ndiyo hivyo, Sefu aliiba akauza. Mshauri akasema fomu haina neno la kuuza, haina gari, haina hata siku. Faili lifunguliwe upya. Wakabishana wiki nzima, na kutoka hapo ikaundwa kamati ya watu wanne, Mudir na mshauri wakiwemo, kuamua habari ya Sefu na habari ya fomu kwa pamoja.

Niliitwa mbele yao asubuhi moja. Nilivaa dishdasha, yaani kanzu ya kwao, mpya, na kilemba nilichofungiwa na fundi. Niliieleza fomu yangu kifungu kwa kifungu, nao wakaitikia kwa vichwa. Kisha mshauri akaweka kikombe chake chini.

"Kukiri kwa kijana huyu kunaweza kuvunjwa na mtu mmoja tu, aliyekuwepo. Mulazim anasema alitoka nje. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Je, yupo mtu aliyetia dole kwenye fomu hii baada ya kuahidiwa kitu?"

Mudir alikuwa akinitazama. Mezani mbele yake palikuwa na karatasi ya kupandishwa kwangu cheo. Niliiona kichwa chini miguu juu, nikalisoma jina langu. Nilifikiri fomu itakufa. Nilifikiri watasema, huyu ndiye mwenye diploma. Sikumfikiria Sefu hata kidogo, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

"Hakuna, mheshimiwa," nikasema. "Natafsiri mwenyewe."

"Ahsante," mshauri akasema, na akafunga faili kwa mikono miwili, polepole, kama anavyofunikwa maiti. Mwaka uliofuata alirudi kwao.

Sefu alimaliza miaka yake yote miwili. Wiki aliyotoka alikuja Nizwa kwa teksi, akaingia ofisini kwangu, amekonda, ndevu zimeota vibaya.

"Shikamoo, ami."

Sikuweza kuitikia marahaba. Nikasema, "Karibu."

"Nimekuja kuiona karatasi yangu. Ndani mle nimejifundisha kusoma Kiarabu. Mzee mmoja alinifundisha. Nilitaka nijue nilisema nini."

Haikuruhusiwa, lakini nilimletea. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mpiga taipu wangu aliacha kupiga. Alipofika *bila ya kuahidiwa chochote*, kidole kikasimama. Akarudia mara ya pili kuhakikisha. Kisha akainua uso.

"Hapa hukunisomea."

"Sikukusomea."

"Mwandiko mzuri, lakini," akasema, akanirudishia karatasi, akatoka.

Baada ya siku ile niliiondoa fomu. Nilipigana na Mudir miezi mitatu mpaka tukarudi kwenye swali na jibu, na swali la kwanza juu ya kila karatasi likawa: nani amekuja kukwambia nini? Niliweka na mtungi wa maji mlangoni. Watu walidhani ni kwa ajili ya joto. Sikupandishwa cheo tena, na nilistaafu na meza ileile. Vijana niliowafundisha Nizwa wote wanajua kuandika mahdhar inayosimama mbele ya hakimu yeyote. Hilo najivunia, sitaomba radhi kwa kujivuna. Lakini sikwenda kwa Mudir kusema nilisema uongo. Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya.

Nilipostaafu ndipo nilipokwenda Samail. Sefu ana karakana ya pampu pale kando ya barabara ya Maskati. Pasi aliipata hatimaye, miaka tisa baada ya maombi ya kwanza. Mama yake alikuwa ameshazikwa zamani, Kigoma, kwa mikono ya watu wengine. Nilimkuta amelala chini ya mashine, miguu nje. Nikasema yote niliyokuja nayo, nimesimama, fimbo mkononi, naongea na miguu. Aliendelea kufunga nati mpaka nilipomaliza. Kisha akatoka, akafuta mikono.

"Ami, mimi ulinidanganya chumbani, tuko wawili. Hilo nilishakusamehe, ulikuwa unaogopa kama mimi. Lakini kule Nizwa ulisema hakuna, mbele ya watu. Kasemee palepale."

"Wameshakufa, Sefu. Wote wanne."

"Basi tafuta wengine," akasema. Akamwita mkewe alete kahawa, nikanywa.

Diploma yangu iko ukutani hapa nyumbani, na wajukuu wanajua ilivyopatikana. Nimewaandikia nyinyi haya kwa sababu kamati ile haipo, chumba chake kimevunjwa ikapita barabara, na wengine niliowapata ni nyinyi mnaosoma. Niliulizwa swali mbele ya watu. Sasa nalijibu mbele ya watu.

Yupo, mheshimiwa. Jina lake Sefu bin Rashidi, fundi pampu. Niliyemuahidi ni mimi.